Tisini na Tano Nukta Nne

Lodwar, 9 Agosti 2025

Kwako Peres, mtoto wa mama,

Natumaini uko mzima, wewe na shemeji Bramwel, na zaidi mtoto Kageha. Mimi mzima, ila ngozi imekauka kama gome. Hapa saa nne asubuhi mabati tayari hayagusiki. Kazi ya vyumba vya baridi vya samaki inasonga; kimoja tumekimaliza, viwili bado. Jumapili niliongea na Mama kule Ugunja. Goti limevimba tena lakini bado anaenda kanisani kwa miguu, bodaboda hataki kuisikia. Aliniuliza kwa nini mimi na wewe hatuongei. Nikamwambia mtandao wa huku ni mbaya.

Mtandao wa huku si mbaya. Umenifungia simu. Nilipojaribu kwa simu ya mwenzangu ulisikia sauti yangu ukakata. Basi nimenunua karatasi na kalamu kama watu wa zamani. Bahasha hii nimempa dereva wa basi aiache River Road kwa Ngui, yule rafiki yangu wa duka la vipuri vya friji. Atakupigia uichukue.

Sitazunguka. Bramwel aliponieleza kwamba mtoto amelazwa kwa sababu alipanguswa maji baridi akidhaniwa ana homa, na kwamba kipimajoto nilichokutumia kilisoma tisini na tano nukta nne, nilijua hapo hapo kilichotokea. Ndiyo maana nilikupigia wodini nikakuuliza kama ulisoma ile herufi. Ukanikatia na mpaka leo hujanifungulia.

Peres, kipimajoto kile hakikuwa kibovu. Nasikia unawaambia watu nilikutumia kitu cha bandia cha River Road. Kando ya ile namba kuna herufi ndogo, F. Ni Farenhaiti. Ni kipimo kingine cha joto lile lile, jinsi umbali mmoja unavyoweza kuuhesabu kwa maili au kwa kilomita. Hospitali zetu hutumia Selsiasi, ambapo mtu mzima wa afya yuko kama thelathini na saba. Kwa Farenhaiti mtu huyo huyo ni tisini na nane nukta sita. Kwa hiyo tisini na tano haikuwa homa. Ilikuwa baridi. Mtoto alihitaji kufunikwa.

Na hata kama hukuiona herufi, fikiria tu. Huko Uthiru, kwa sababu mko juu, maji huchemka kwenye tisini na nne hivi za Selsiasi, hayangoji mia. Mtoto wa tisini na tano angekuwa anatoa mvuke kama birika!

Nilikinunua kwa haraka siku ya kusafiri, sikupata nafasi ya kukikagua. Hilo tu ndilo kosa langu, kama ni kosa. Nijibu. Kageha anaendeleaje? Ana kilo ngapi sasa?

Ndugu yako,
Nashon

*

Uthiru, 2 Septemba 2025

Kwa Nashon,

Salamu. Barua yako nimeipata juzi. Ngui aliiweka chini ya kompresa akaisahau wiki tatu, kisha akanipigia akicheka. Sikucheka. Nilishuka River Road na mtoto kifuani kwa sababu sina wa kumwachia, nikapenya katikati ya mikokoteni na wabeba mabati mpaka kwake, nikidhani pengine umeniandikia jambo la maana.

Kageha alitoka hospitali tarehe sita Agosti. Ana kilo tatu na gramu mia moja. Bramwel yuko kazini Westlands kama kawaida, anatoka alfajiri anarudi amechoka. Huku baridi haijaisha. Ukungu unakaa juu ya Waiyaki Way mpaka saa tatu, na nguo za mtoto zinakauka kwa siku mbili.

Kaka, umejaza karatasi nzima Farenhaiti na birika. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika pole. Sikupaona. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, mtoto wangu yuko ndani ya sanduku la kioo ana mpira puani, simu ikaita, nikaona jina lako nikasema, asante Mungu, ni kaka. Na neno lako la kwanza likawa: "Ulisoma herufi?"

Unadhani sijui maji huchemka ngapi? Nilimaliza Kidato cha Nne, Nashon. Lakini mtoto alizaliwa wiki sita kabla ya siku zake. Alikuwa na kilo moja na gramu mia tisa. Nilikuwa namnyonyesha kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, wiki nne. Mtu wa namna hiyo hasomi herufi. Anajua tu nesi alisema thelathini na saba, na hapa kuna namba kubwa kuliko hiyo.

Na tena si mimi niliyempangusa. Ni Mama Bramwel. Alikuwa amekuja kunisaidia, na ndiye aliyemwambia daktari mwenyewe. Alirudi kwao Vihiga wiki ile ile. Bramwel hajampigia mama yake simu tangu Julai. Anasema akisikia sauti yake ataongea maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kwa hiyo ukitaka kumfundisha mtu kusoma vipimo, mfundishe yeye.

Mimi,
Peres

*

Lodwar, 21 Septemba 2025

Dada yangu Peres,

Nashukuru umejibu, ingawa kwa ukali. Namshukuru Mungu kwa hizo kilo tatu. Mama amepata dawa ya kupaka goti, anasema inanuka kama dizeli lakini inafanya kazi. Huku chumba cha pili kimeanza kugandisha. Tulikuwa na shida ya mlango kuvuja lakini tumeirekebisha.

Unasema nimejaza karatasi. Wacha nijaze nyingine, kwa sababu naona bado hujaelewa, na kutoelewa ndiko kulikotufikisha hapa. Watu husema "joto" wakimaanisha vitu viwili. Kuna halijoto, yaani ile namba ya kipimajoto, inayosema kitu kina moto au baridi kiasi gani. Na kuna joto lenyewe, ile nishati iliyohifadhiwa ndani ya kitu. Chukua kikombe cha chai ya moto na mtungi wa lita ishirini wa maji vuguvugu. Chai ina halijoto ya juu, itakuunguza ulimi. Lakini mtungi una joto jingi zaidi ndani yake, kwa sababu maji ni mengi. Viache vyote nje kwenye baridi yenu ya Julai. Baada ya nusu saa chai imepoa kabisa, mtungi bado.

Mtoto wa kilo mbili ni kikombe. Wewe na mimi ni mitungi. Joto lake ni dogo, na ngozi ya kulitoa nje ni kubwa akilinganishwa na mwili wake. Na ukimlowesha, yale maji yakikauka yanaondoka na joto lake. Friji zangu zinafanya kazi hivyo hivyo. Friji haitengenezi baridi, inachukua joto ndani na kulitupa nje.

Hesabu ni rahisi. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Ifanye mwenyewe uone. Wanasayansi wana hata kipimo cha tatu, Kelvini, ambacho kwacho Kageha angesoma mia tatu na nane siku ile, na bado angekuwa anakufa kwa baridi. Namba peke yake haina maana mpaka ujue ni ya kipimo gani.

Lakini kuna jambo halinikai. Mwezi wa sita uliniambia miwani ya Mama Bramwel ilikanyagwa ikavunjika, na kwamba hawezi kusoma hata majina ya nyimbo kanisani. Sasa hizo namba ndogo za kipimajoto alizisomaje?

Nashon

*

Uthiru, 5 Oktoba 2025

Nashon,

Sisi wazima. Bramwel ana kikohozi. Kageha alipelekwa kliniki Jumanne, nesi akampima akasema thelathini na sita nukta nane. Nilimuuliza ni Selsiasi? Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena. Mara ya tatu akaniangalia vibaya, akamwita anayefuata.

Nimefanya hesabu yako. Niliifanya nyuma ya kadi ya kliniki, mara tatu, na mara zote imetoka thelathini na tano nukta mbili. Haya. Sasa nimejua. Unataka niifanyie nini hiyo namba? Niibandike ukutani?

Unanitumia vikombe na mitungi kama mwalimu anayemchapa mtu kwa chaki. Siku zote umekuwa hivyo. Baba alipoanguka kwenye ngazi sisi tulikimbia kumshika, wewe ukaenda kuangalia ni msumari gani uliokatika.

Na kuhusu miwani ya watu, usiniulize tena.

Peres

*

Lodwar, 2 Novemba 2025

Peres, mtoto wa mama,

Vipi mtoto? Vipi kikohozi cha Bramwel? Mvua imenyesha huku siku mbili na barabara ikakatika, ndiyo maana barua imechelewa. Pia ilichelewa kwa sababu niliichana mara nne.

Chumba cha tatu cha samaki kilikuja na mashine ya msaada kutoka ng'ambo, na kioo chake kinasoma Farenhaiti. Kinatakiwa kukaa kwenye sifuri. Sifuri ya Farenhaiti ni kama kumi na nane chini ya sifuri ya Selsiasi, samaki wanaganda kama mawe. Lakini mtu asiyejua akiona sifuri atasema bado kuna baridi ndogo tu, aende kuishusha zaidi mpaka aiunguze mota. Au aone thelathini na tano akadhani chumba kimekuwa kama nje. Kwa hiyo nilichukua rangi nyekundu nikaandika mlangoni, herufi za urefu wa kiganja: HII NI FARENHAITI. TOA 32, ZIDISHA 5, GAWANYA 9. Nilijisikia vizuri sana.

Kuna mama anaitwa Nzula, ndiye msimamizi wa stoo ya samaki. Ni mtu wa Kitui, haongei sana. Alisimama akasoma, akaniuliza kwa nini nimejisumbua hivyo. Nikamweleza habari ya Kageha, jinsi watu wasivyosoma vipimo. Nilimweleza kama mtu mwenye haki.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo samaki umewaandikia. Mtoto je, ulimwandikia?"

Nikamwambia sikujua kama kilikuwa cha Farenhaiti.

Akasema, "Wewe? Fundi wa baridi miaka kumi na tisa, ununue kipimajoto usikiwashe?" Akaenda zake kuhesabu makreti.

Peres, nilikiwasha. Nilikuandikia kwamba sikupata nafasi ya kukikagua. Ulikuwa uongo. Pale dukani nilikiweka kwapani mbele ya muuzaji. Kilisoma tisini na saba nukta tisa, nikajua papo hapo. Muuzaji akaniambia, ukibonyeza kitufe kwa sekunde tatu kinageuka Selsiasi. Nikajaribu, nikabonyeza vibaya, kikazimika. Wakati huo huo kondakta wa basi la Kitale alikuwa anaita jina langu. Nikajiambia nitampigia Peres nimwambie. Nikamwachia Ngui akupelekee, nikapanda basi. Nikafika Kitale, nikafika Lodwar, nikaanza kazi. Mara mbili tuliongea kwa simu kabla ya siku ile, na mara zote mbili sikukumbuka.

Bramwel aliponipigia, kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu kilikuwa hofu kwamba mtajua. Ndiyo maana nilikuuliza juu ya herufi. Nilitaka kosa liwe lako kabla halijawa langu. Na hizi barua zote za vikombe na mitungi, sikuwa nakufundisha. Nilikuwa najificha nyuma ya jambo ninalolijua.

Pole, dada yangu. Ningepaswa kuanza na neno hilo. Nimechukua miezi mitatu kulifikia. Mwambie Mama Bramwel kwamba mjinga ni mimi. Ukitaka nitamwandikia mwenyewe.

Nashon

*

Uthiru, 30 Novemba 2025

Kaka,

Natumaini mvua imepungua. Huku imenyesha mpaka choo cha ploti kimefurika, na mwenye nyumba, mzee Kihara, amekuja mara mbili na suluhu moja tu: tuwe wavumilivu. Kageha ana kilo tano. Anashika vitu na hataki kuviachia. Bramwel amepona.

Barua yako ilikaa kwenye mkoba wangu siku nane baada ya kuisoma. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, nikasema nitampigia nimtukane. Siku ya pili vilevile. Lakini kila nilipoanza kukutukana nilisikia sauti ikiniambia, na wewe je?

Sitakufungulia simu bado. Jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalikatiza. Acha niliandike lote.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mtoto alilala tangu asubuhi, akawa hataki kunyonya. Nikimwamsha anafungua jicho moja anafunga. Mama Bramwel alimshika miguu, akasema, "Peres, huyu amepoa. Nipe nimweke kifuani."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza tumpime."

Nikampima. Nikaona tisini na tano nukta nne. Nikasema, "Mama, anaungua!"

Akasema, "Haungui. Mshike mwenyewe."

Sikumshika, Nashon. Nilikuwa na namba mkononi, kwa nini nimshike? Nilimwambia, na nayakumbuka maneno yangu yote, "Mama, hii ni mashine. Mkono wako unajua nini?" Alikuwa anajaribu kumfunika shali, nikaivuta. Nikamvua mtoto nguo zote. Nikachota maji ya mfereji, unajua maji ya Julai yalivyo, nikalowesha kitambaa nikaanza kumpangusa huku analia kidogo kidogo. Mama akasimama mlangoni ananiangalia. Miwani ni kweli haikuwepo. Hakusoma chochote. Hakugusa kitambaa.

Baada ya muda nikampima tena. Tisini na nne nukta moja. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilimwonyesha Mama, nikasema, "Unaona? Inashuka!" Nikaendelea. Ilishuka tena, nikafurahi tena. Mtoto alikuwa ameacha kulia nikadhani amepata nafuu.

Mama akaondoka mlangoni. Alinisukuma kwa bega nikaanguka juu ya kitanda, akamchukua mtoto akiwa ameloa, akafungua vifungo vya gauni akamtia ndani, ngozi kwa ngozi, akajifunga leso mbili juu. Kisha akatoka. Yule mama wa miaka sitini na tisa alitembea kutoka kwa nyumba mpaka barabarani bila viatu, akasimama katikati ya Waiyaki Way akiwa ameinua mkono, na gari likasimama kwa sababu hakutoka njiani. Mimi nilikuwa nyuma nakimbia na kipimajoto.

Hospitalini, daktari aliuliza, "Nani alimlowesha mtoto huyu?" Bramwel alikuwa amefika kutoka kazini, amesimama pale pale. Nilifungua mdomo. Mama Bramwel akanitangulia. Akasema, "Ni mimi."

Nami nikafunga mdomo.

Ndiyo hivyo. Bramwel alimpigia kelele mama yake mbele ya wagonjwa. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, gauni lake bado limeloa kifuani. Jumamosi akapanda gari la Vihiga. Wanawake wa kanisa walipokuja kunitembelea walisema, hawa wazee wana mambo ya kale, na mimi nikawapa chai.

Kwa hiyo kosa lako ni la sekunde tatu, Nashon. Langu limekuwa la miezi minne na nusu, na kila asubuhi nalirudia upya.

Jana nilimwambia Bramwel. Aliacha chakula kikapoa mezani. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyempigia kelele. Nitamwangalia wapi?" Hajanisemesha tangu hapo isipokuwa mambo ya mtoto. Ameomba likizo. Tarehe ishirini Disemba tunaenda Vihiga. Sijui nitasema nini. Mwanzoni nilidhani nitampa barua yako aisome, nijifiche nyuma yake. Nimeona hapana.

Dada yako,
Peres

*

Lodwar, 9 Disemba 2025

Peres,

Barua yako nimeipata leo, nimeisoma nimekaa kwenye kreti la samaki. Sina hesabu yoyote ya kukupa. Nenda. Ukifika usieleze habari za Farenhaiti, hata ukiulizwa. Mama wa Ugunja anakusalimia, na mimi nawabusu wote wawili, wewe na Kageha.

Nashon

*

Vihiga, 22 Disemba 2025

Kaka yangu Nashon,

Salamu kutoka huku kwenye vilima. Tulifika juzi jioni tukiwa tumechoka na mtoto amenitapikia mara tatu tangu Nakuru. Nyumba imejaa harufu ya majani chai mabichi, maana shamba linaanzia nyuma ya jiko. Natumaini Krismasi utapata ruhusa uende Ugunja umwone Mama.

Mama Bramwel alitupokea kama wageni wa kanisa. Alitusalimu kwa mkono, akatuletea maji ya kunawa, akauliza safari ilikuwaje. Mtoto hakumgusa. Alimwangalia tu akasema, "Amekuwa mkubwa," akarudi jikoni. Bramwel alimfuata. Nilimsikia akisema "Mama, naomba," kisha sikusikia zaidi, na alipotoka alikuwa amevimba macho. Akaenda kukata kuni mpaka giza likaingia.

Mimi nilingoja mpaka jana baada ya kanisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapeta mtama. Nikapiga magoti kwenye mavumbi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyemlowesha. Nimekuacha ubebe."

Aliendelea kupeta. Akasema, "Najua ni wewe. Nilikuwepo."

Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye. Nimejiuliza swali hilo tangu Julai, Nashon. Nilidhani ni upendo. Wakati mwingine nilidhani ni mtego, ili niishi na deni lake.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Wewe ulikuwa na maziwa. Mimi sina. Bramwel angekupigia wewe zile kelele, na yule daktari akakuangalia vile alivyoniangalia mimi, moyo wako ungevunjika siku ile na maziwa yangekauka. Mtoto wa kilo mbili angenyonya nini? Aibu yangu haikumpunguzia mtoto kitu. Yako ingemmaliza."

Nililia. Nikamwambia, asante Mama, nisamehe. Nikajaribu kumshika mguu.

Akaurudisha nyuma. Akasema, "Sijasema nimekusamehe. Nimesema kwa nini nilinyamaza. Hayo ni mambo mawili. Zile siku mbili za kwanza nilinyamaza kwa ajili ya maziwa. Miezi hii mingine uliyoninyamazia wewe, ilikuwa ya nini?"

Nilitaka kumwambia habari ya uchovu, habari ya muuzaji wa River Road, habari yako. Nilikumbuka ulivyoniambia, nikakaa kimya. Magoti yaliniuma. Kuku walipita kati yetu wakila mtama.

Akasema tena, "Nilikuambia mtoto amepoa, ukaniuliza mkono wangu unajua nini. Nimezaa saba, nimezika wawili. Mkono huu unajua mtoto akipoa anakuwaje. Neno lile ndilo lililonipandisha gari, si kelele za mwanangu."

Kisha akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso, akanyoosha mikono yote miwili. Nikamfungua Kageha mgongoni nikampa. Kageha hakulia, alimshika sikio akaling'ang'ania. Mama akaingia naye chumbani kwake akaufunga mlango. Nilisikia akizungumza naye Kimaragoli, maneno mengi, kwa sauti ya chini kama mtu anayemweleza mtu mzima jambo tangu mwanzo. Sikuelewa hata moja. Nilisimama pale nje nisijue kama nimefukuzwa au nimekaribishwa. Mwishowe nikarudi kwenye kigoda chake, nikauchukua ungo nikaanza kupeta. Sijui kupeta. Nusu nilimwaga.

Leo asubuhi imekuwa vivyo hivyo. Ananiletea mtoto anyonye, anakaa karibu mpaka amalize, ananyoosha mikono, anaondoka naye. Hatuongei. Bramwel anaongea na mama yake sasa, juu ya mbolea na paa la zizi. Na mimi ananisemesha kidogo.

Mchana huu alipomleta Kageha alikaa muda mrefu kuliko jana. Nilipomaliza kunyonyesha hakunyoosha mikono. Alimgusa mtoto shingoni kwa nyuma ya vidole, kisha akachukua mkono wangu, akaukandamiza pale pale.

"Sema," akaniambia.

Nikasema, "Yuko sawa, Mama. Ana joto lake."

Akauacha mkono wangu pale, akaenda kuangalia maharagwe.

Peres